Bodi ya pikapu na mizigo mizito: tunaimarisha sakafu wakati ugonjwa uko kwingine (Hilux, D-Max, L200, mkonga, kirikuu)

Fundi Bodi Tabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kazi yangu ni bodi. Nakunja, nanyoosha, nachomelea, napiga puti na rangi. Kwa hapa Dar pikapu nyingi zinazoingia kwangu zinatoka kwenye ujenzi, zile njia za Goba, Madale, Chanika, Kitunda na Kigamboni, na wenyewe wanakuja na ombi lilelile: "Fundi, bodi ya hili gari ni laini, nipigie pleti nene nibebe vizuri." Nimeona nilieleze hili jambo kwa kirefu, kwa sababu watu wanamwaga hela nyingi kuimarisha mahali pazima, na mahali pagonjwa panaachwa mpaka chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba kabini na bodi, inapasuka.

Tuanze na sakafu yenyewe. Pikapu nyingi sakafu yake ni bati jembamba, unene kama milimita 1 hivi. Nguvu yake inatoka kwenye ile mikunjo mirefu inayokwenda kutoka kabini hadi mlango wa nyuma, na kwenye mihimili ya chuma iliyokingama chini yake. Mzigo unakanyaga bati, bati linaupeleka kwenye mhimili, mhimili unaupeleka kwenye chesesi kupitia bolti za bodi. Ukilaza mifuko 15 ya saruji, kilo 50 kila mmoja, hiyo ni kilo 750 na sakafu haitasema kitu, maana uzito umesambaa. Sasa chukua jenereta ya kilo 250 yenye miguu minne midogo ya chuma, uiweke bila ubao. Kila mguu unashusha zaidi ya kilo 60 mahali padogo kuliko kiganja. Mguu ukiangukia kati ya mhimili na mhimili, bati linabonyea. Mkiingia barabara ya makorongo ule mguu unaruka na kutua, unaruka na kutua. Rangi inapasuka kwanza, maji yanaingia, halafu bati.

Kwa hiyo jenereta ya kilo 250 inaweza kuharibu sakafu ambayo saruji ya kilo 750 haikuigusa. Hili watu wengi hawalioni, wanahesabu kilo tu.

Pili ni kudondosha. Vibarua wanatupa tofali kutoka juu, au kijiko kinamwaga kokoto kutoka urefu wa mtu. Jiwe linalodondoka linagonga kwa nguvu mara nyingi zaidi ya uzito wake likiwa limetulia. Bodi zinazobeba kokoto za kumwagiwa nazijua kabla sijauliza: sakafu imejaa vishimo kama uso uliopona ndui, na upande wa ndani wa madgadi umebonyea. Ukimwambia mwenye kijiko ateremshe ndoo karibu na bodi kabla ya kumwaga, umeokoa sakafu bila kununua pleti.

Tatu ni mlango wa nyuma. Huu uliundwa kufunga na kufunguka. Siku hizi watu wanaufungua, wanalaza nondo juu yake na mkia unaburuza nyuma. Uzito wote wa ule mkia unaning'inia kwenye bawaba mbili na nyaya mbili. Ikifika kwangu, mlango haufungi, na nguzo za pembeni zimefunguka kwa juu kiasi kwamba taa za nyuma zimeanza kupasuka kwenye maskio.

Na ugonjwa mkubwa kuliko yote ni chesesi nyuma ya kabini. Ukiona pengo kati ya kabini na bodi ni kubwa juu kuliko chini, hilo gari limekunja mgongo. Hapo hata ukipiga pleti ya milimita 6 unavalisha mgonjwa koti.

Pleti nene inalinda sakafu isibonyee. Haiongezi tani. Tena inapunguza. Pleti ya chuma ya milimita 3 ina uzito wa karibu kilo 24 kwa kila mita moja ya mraba, na chekapleti ni zaidi kidogo kwa sababu ya yale maua. Bodi ya singo kabini (yenye safu moja ya viti) ni kama mita 3.5 za mraba, kwa hiyo umepakia zaidi ya kilo 80 ambazo hazishuki hata ukirudi mtupu.

Angalia kadi ya gari na kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Tuseme imebaki kilo 1,000. Toa dereva na vibarua wawili, kama kilo 210. Toa pleti, kilo 80. Toa ngao ya mbele na keria ya juu, weka kilo 70. Umebaki na kilo 640. Hiyo ndiyo pikapu yako ya "tani moja."

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa magari ya mizigo na wahandisi msikae kimya.

---

Dereva wa Mkonga

Fundi shikamoo. Umeongea vizuri ila mimi nina hoja. Naendesha Land Cruiser mkonga ya kazi, tunapakia tani mbili za vifaa kutoka mjini kwenda mradi huko Mkuranga na gari halijawahi kulalamika. Tumeongeza majani ya springi, sasa nyuma hakushuki hata kidogo. Naona mnaogopesha watu. Gari la Mjapani limeundwa kwa shida.

---

Fundi Bodi Tabata

Marahaba mdogo wangu. Sibishani na ugumu wa mkonga, ile ni chuma hasa. Lakini sikia: nyuma kutoshuka hakuna maana kwamba uzito haupo. Springi za kwanza zilikuwa zinakuonyesha umezidisha. Ulipoongeza majani uliondoa kionyeshi, mzigo ukabaki uleule. Ekseli, beringi za magurudumu, breki, tairi na chesesi vyote viko palepale vilipokuwa, na sasa springi ngumu inapeleka kila kishindo juu kwenye chesesi bila kukipunguza.

Angalia na breki. Pikapu nyingi zina valvu ya breki za nyuma yenye mkono mdogo uliounganishwa na ekseli. Nyuma ikishuka, ule mkono unasoma kwamba kuna mzigo na valvu inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua nyuma kwa majani mapya bila kuurekebisha ule mkono, valvu inadhani gari liko tupu. Una tani mbili na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari tupu, kazi yote iko mbele. Halafu unateremka kilima na bodaboda wako mbele yako. Nakuomba kama ndugu, mwambie fundi wa breki aangalie huo mkono wiki hii.

---

Mhandisi Kimya

Niongezee upande wa hesabu, maana fundi ameshafungua njia.

Tatizo la chesesi halitokani na uzito peke yake, linatokana na mahali uzito ulipokaa. Chukua Hilux ya kizazi cha 2015 kuja huku, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.085. Weka kilo 300 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, yaani kule karibu na mlango. Ekseli ya nyuma haipokei kilo 300, inapokea karibu kilo 400. Zile 100 za ziada zimetoka mbele: tairi za mbele zimenyanyuliwa kwa karibu kilo 100. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika miti, na breki za mbele ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa zinakosa uzito wa kushikia barabara.

Hizo kilo 300 zikikaa mbele ya ekseli, karibu na kabini, uzito unagawanyika kati ya ekseli mbili na chesesi inapinda kidogo sana.

Hapa ndipo dabo kabini (yenye safu mbili za viti) inapowaumiza watu. Bodi yake ni fupi, mita 1.5 hivi, na kwa sababu kabini limechukua nafasi, sehemu kubwa ya bodi iko juu na nyuma ya ekseli. Mtu anaona bodi ndogo anasema haiwezi kuzidiwa, kumbe mzigo wote uko kwenye mkia. Ukifunga na tela hapohapo, lile fundo la tela linasukuma chini mbali zaidi nyuma. Ndiyo maana chesesi za dabo kabini zinapasuka au kupinda kwenye lile eneo fundi alilolitaja, na zinapinda zaidi kwa wale walioweka mifuko ya hewa ya kusaidia springi. Mfuko wa hewa unasukuma chesesi katikati, mahali pamoja, wakati springi ya majani inaishikilia kwenye ncha zake mbili. Mkia unavutwa chini, katikati panasukumwa juu.

Kuhusu tairi: soma namba ubavuni. Tairi yenye namba ya mzigo 100 inabeba kilo 800, yenye 112 inabeba kilo 1,120, ikiwa na upepo kamili. Mbili za 100 kwa pamoja ni kilo 1,600 kwenye ekseli ya nyuma, na humo uzito wa gari lenyewe upo. Watu wananunua tairi za gari dogo kwa sababu ringi inaingia, halafu wanalaumu barabara tairi ikipasuka.

---

Binti wa Feri

Nimesoma yote, asanteni. Mimi sina shida ya tani, nina shida ya kutu. Nabeba samaki kutoka soko la Feri kwenda Mbagala na Temeke, naishi Kigamboni. Gari ni L200. Kuna laina ile nyeusi ya plastiki niliikuta wakati nanunua, juu inaonekana safi kabisa. Juzi kijana akaivua aoshe, chini bati limeoza pembeni pembeni, kidole kinapita. Fundi, hii laina si ndiyo ilikuwa inalinda?

---

Fundi Bodi Tabata

Dada yangu pole sana. Laina ya plastiki ya kuvalisha inalinda dhidi ya kugongwa, kwa hilo ni nzuri mno. Lakini haijashikamana na bati. Gari likitembea inacheza, na mchanga uliopita chini yake unasaga rangi taratibu mpaka chuma kinabaki uchi. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, yanaingia chini ya laina, hayaoni jua, hayakauki. Chuma kilicho uchi, chumvi na unyevu wa kutwa kucha, hapo kutu haihitaji kingine.

Bodi ina vitundu vya kutolea maji kwenye mabonde ya ile mikunjo na kwenye kona. Kwa gari la samaki magamba na utelezi vinaviziba. Chukua waya uvizibue, na usivizibe kamwe hata kama mtu atakwambia vinaingiza vumbi.

Fanya hivi. Vua laina kabisa. Bolti za bodi zifunguliwe, bodi ishushwe. Si kazi kubwa, nyingi zina bolti 6 au 8, unatenganisha mdomo wa kujazia mafuta na waya za taa, watu wanne wanainyanyua. Ukiishusha ndipo utaona juu ya mihimili na juu ya chesesi, maana udongo na chumvi hujificha pale katikati na hakuna mtu wa kuosha gari anayefika. Palipooza pakatwe mpaka chuma kizima, kipandwe kipande kipya, kisha primu ya kuzuia kutu pande zote mbili, rangi, ndipo urudishe. Badala ya ile laina ya kuvalisha tafuta ya kupuliza, ile inayoshikamana na bati lenyewe. Lakini ipulizwe juu ya chuma kilichosafishwa na kukwanguliwa vizuri. Ikipulizwa juu ya kutu umeifunika kutu blanketi, itaendelea kula humo ndani na wewe huioni.

Na kila ukitoka Feri, maji baridi yasiyo na chumvi, juu na chini ya gari. Chini hasa. Samaki nao waweke kwenye makontena yenye mfuniko yasiyovuja, hapo utakuwa umemaliza nusu ya tatizo.

---

Mzee wa Kirikuu

Na sisi wa kirikuu mmetusahau? Mimi natoa matofali kiwandani naleta saiti, gari dogo lakini linahudumia mji huu kuliko hizo Hilux zenu.

---

Mhandisi Kimya

Mzee wangu hatujawasahau. Kirikuu ni gari la daraja dogo la Japani na kwao huko linaruhusiwa kubeba kilo 350. Tofali la saruji la nchi sita linakaribia kilo 30. Gawanya mwenyewe: tofali 11 au 12 na umefika, na hapo kijana wako yuko mbele na wewe. Najua biashara haiendi kwa tofali 12. Lakini ujue kila unachoongeza kinatoka kwenye umri wa chesesi na beringi za nyuma.

Niwape na hesabu nyingine za haraka, wengi wanapakia kwa macho. Maji, lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo lile tenki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima kabla ya uzito wa tenki lenyewe. Mchanga mkavu, mita moja ya ujazo ni kama tani 1.6, ukilowa mvua unakaribia tani 2. Maana yake mchanga uleule, bodi ileile, msimu wa masika unabeba zaidi bila kuongeza hata koleo moja. Nondo: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Ya 12 inatoka kilo 0.89 kwa mita, nondo nzima ya mita 12 ni kama kilo 10.7. Ya 16 ni kama kilo 19. Nondo 50 za milimita 16 ni kilo 950. Hapo kwa pikapu nyingi umeshamaliza, na kichwa cha mzigo kiko nje ya bodi.

---

Kijana wa Hadiwea Goba

Asante mhandisi, hiyo kanuni ya 162 naibandika ukutani dukani. Swali langu: tunabeba nondo zilizokunjwa katikati, ile shingo inakaa mbele kwenye kabini na mikia inatoka nyuma. Hatuna Fuso, tunafanyaje ili mlango wa nyuma usife?

---

Fundi Bodi Tabata

Weka fremu. Nguzo mbili nyuma ya kabini na mbili kwenye kona za nyuma, za bomba la mraba, zimeunganishwa na vyuma vya kukingama, nondo zipite juu ya fremu. Mlango wa nyuma unabaki umefungwa, haugusi kitu. Nguzo zisisimame juu ya bati tupu, kila moja iwe na kiatu cha pleti kilichokaa juu ya mhimili wa chini na bolti ipite mpaka kwenye mhimili. Kiatu kikikaa kwenye bati peke yake, mwezi haupiti kinatoboa.

Mzigo wa mbele upakiwe uzidi wa nyuma, na funga kwa mikanda ya kukazia. Kamba ya katani inalegea gari likitikisika. Vile vishikizo vya ndani ya bodi ni vya kuzuia mzigo usiteleze, usivutie navyo gari lililokwama kwenye tope. Nimeshang'oa vingi vilivyotoka na kipande cha bodi.

Nondo zikiwa nyingi, kodi Canter. Kodi ya siku moja ni ndogo kuliko chesesi.

---

Mpenda Magari Sinza

Wakuu, kuna jambo nataka kuuliza. Marekani wao wanabishana kuhusu bodi ya aluminiamu na ya chuma. Kuna tangazo la Chevrolet la mwaka 2016, walimwaga matofali ya bustani kwenye Silverado na kwenye Ford F-150. Ya Ford ikatoboka. Sasa huku naona Ford Ranger zinaongezeka mjini, je nazo ni aluminiamu? Niogope?

---

Mhandisi Kimya

Usiogope. F-150 ndiyo iliyohamia bodi ya aluminiamu kuanzia toleo la 2015. Ranger tunazoziona hapa bodi yake ni ya chuma.

Lile tangazo nalikumbuka. Matofali 55, jumla kilo kama 375, yalidondoshwa kutoka urefu wa futi 5 kwenye bodi tupu isiyo na laina. Ya chuma ilibonyea na kukwaruzika, ya aluminiamu ikapata matundu. Kilichotokea ni kweli kama kilivyoonekana, lakini mshindani ndiye aliyechagua jaribio, na alichagua kudondosha, siyo kubeba. Kilo 375 hizohizo zikipangwa kwa mkono hakuna bodi hapo ingepata hata alama. Ni lile la fundi kwenye bandiko la kwanza.

Aluminiamu ina faida ya wepesi na haipati ile kutu nyekundu. Lakini kwa pwani kama yetu ina ugonjwa wake: ikigusana na chuma na kukawa na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Bolti ya chuma ya kawaida kwenye bodi ya aluminiamu bila kitu cha kuzitenganisha, kwa mtu wa Kigamboni, ni kutafuta tabu. Na kuitengeneza kunahitaji mashine na ujuzi wa kuchomelea ambao mafundi wachache wanao. Toyota kwa Tacoma ya Marekani walichukua njia ya tatu: tangu 2005 walitumia sakafu ya plastiki ngumu yenye nyuzi, haipati kutu kabisa. Kwa dada wa samaki ingefaa sana, ila ile gari haiji huku kwa njia ya kawaida.

---

Dereva wa Mkonga

Fundi, nimekwenda kwa fundi wa breki. Ule mkono wa valvu umekaa chini kabisa, kama ulivyosema, gari likiwa limepakiwa au tupu haubadiliki. Tunaushughulikia. Bosi naye nimemwonyesha huu uzi, anauliza: chesesi ikishapata ufa mdogo nyuma ya kabini, si inachomelewa tu?

---

Fundi Bodi Tabata

Umefanya la maana sana, na mwambie bosi wako ana dereva.

Ufa kwenye chesesi unachomelewa, lakini siyo na kila mwenye mashine. Kwanza ujue kwa nini umetokea, maana ukichomelea na ukaendelea kupakia vilevile, utapasuka pembeni ya uchomeleaji. Joto linabadilisha chuma pale jirani. Ufa unatafutwa mwisho wake, unatobolewa tundu dogo pale unapoishia ili usiendelee kukimbia, unachimbwa kwa grainda, unajazwa, kisha inawekwa pleti ya kusaidia ubavuni. Ile pleti isikatwe wima kama mlango, ncha zake ziwe za mshazari ili nguvu isikutane na ukuta ghafla. Usitoboe wala kuchomelea kwa kukingama kwenye mdomo wa juu na wa chini wa chesesi, pale ndipo panapobeba mvuto mkubwa. Ubavuni katikati ndiyo mahali salama zaidi.

Betri itenganishwe kabla ya kuwasha mashine, vinginevyo unaua altaneta na kompyuta ya gari. Na tenki la mafuta, pikapu nyingi liko chini ya bodi mbele ya ekseli ya nyuma, hatua chache tu kutoka kwenye ufa wenyewe. Lishushwe. Siyo kulifunika na gunia lililolowa maji, nasema lishushwe na lipelekwe mbali. Kuna watu wameungua katika mji huu kwa uvivu wa bolti nne.

Kama chesesi imeshapinda na siyo ufa tu, yaani ile nafasi ya kabini na bodi imefunguka juu, kunyoosha kunahitaji benchi la kuvutia na vipimo. Gari la kubeba watu na mizigo kila siku, mimi binafsi nakushauri ubadilishe chesesi, na ufuate taratibu za kubadilisha namba kwenye kadi.

---

Mnunuzi Mpya Kibamba

Shikamooni wote. Nataka kununua Hilux ya mkononi, singo kabini, kwa ajili ya chakula cha kuku na mayai. Dalali anasema haijawahi kubeba mzigo mzito. Nitajuaje?

---

Fundi Bodi Tabata

Dalali hajalala nalo. Nenda mchana, siyo jioni, na uende na kipande cha gazeti cha kulalia.

Simama ubavuni hatua kama kumi, tazama mstari wa chini wa kabini na mstari wa chini wa bodi. Lazima uwe mstari mmoja. Pengo la kabini na bodi lipime juu na chini kwa kidole. Fungua na kufunga mlango wa nyuma, ukilazimika kuunyanyua ili ufunge, bodi imefunguka. Vua laina kama ipo. Muuzaji akikataa isivuliwe, ondoka.

Lala chini. Hesabu majani ya springi kila upande, yawe sawa, na tazama kama kuna jipya katikati ya makuukuu. Pinde la majani likiwa limenyooka kabisa au limegeuka, gari limebeba. Kagua yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, kama zina nyuzi mpya zinazong'aa. Pitisha kidole kwenye chesesi kuanzia nyuma ya kabini hadi juu ya ekseli, pande zote mbili, ukitafuta mshono wa kuchomelea uliopakwa rangi nyeusi mbichi. Rangi mpya ya chini kwenye gari kuukuu ni swali, muulize muuzaji akujibu kabla hujatoa hela.

Tazama bolti za bodi. Zikiwa na kutu sawasawa na bodi, haijawahi kushushwa. Zikiwa na alama za spana, uliza kwa nini.

Kwa chakula cha kuku huhitaji pleti hata kidogo. Chukua plaiwudi ya milimita 18 ile inayostahimili maji, ikate iingie vizuri, iwe na vitundu vya maji vinavyolingana na vya bodi. Ina uzito wa karibu kilo 11 kwa mita ya mraba, chini ya nusu ya pleti ya milimita 3. Inasambaza uzito vizuri na ikichoka unaitoa kwa mkono. Kila mwezi iinue, osha chini, ikauke juani ndipo uirudishe.

---

Binti wa Feri

Fundi, bodi tumeishusha leo. Juu ya chesesi kuna tope la chumvi limeganda gumu kama ugali wa jana, na mhimili mmoja wa bodi umeoza nusu, ule wa nyuma kabisa. Sakafu imeoza pembeni tu, katikati nzima. Kijana anasema tuwekee pleti juu ya sakafu yote tumalize. Nikubali?

---

Fundi Bodi Tabata

Usikubali dada. Anza na mhimili. Ukiweka pleti juu ya mhimili uliooza, pleti itakaa juu ya hewa na bolti za nyuma zitabeba peke yake. Mhimili ukatwe wote, utengenezwe mpya kwa bati la milimita 3 lililokunjwa kama ule wa mwanzo, matundu ya bolti yalingane. Kisha sakafu ya pembeni ikatwe vipande, ipandwe.

Lile tope likwangue kwa mti au plastiki, siyo patasi, halafu uoshe kwa maji mengi mpaka yatoke safi. Liache gari likauke siku nzima kabla ya primu. Kisha nitumie picha ya chesesi mahali bolti za nyuma zinapoingia, pande zote mbili, nione kama kutu imeshuka mpaka huko. Usimruhusu kijana apake rangi kabla sijaiona.